"Mfalme, upanga mgongoni!": Kulabu, mishipi na ala katika China ya kale

#1 Mwanzi Mkavu

Wakuu, salaam.

Mwaka 227 KK, Dan, mwana wa mfalme wa dola ya Yan, alimtuma Jing Ke kwenda kumuua Zheng, mfalme wa Qin, yule ambaye miaka sita baadaye aliziunganisha dola zote za China na kujitangaza mfalme mkuu wa kwanza. Jing Ke aliingia barazani na zawadi mbili: kichwa cha jenerali aliyekuwa amemkimbia mfalme huyo, na ramani ya ardhi ambayo Yan ilijifanya kuitoa. Ndani ya ramani iliyokunjwa mlikuwa na kisu chenye sumu. Ramani ilipokunjuliwa hadi mwisho kisu kilionekana, Jing Ke akakidaka kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamshika mfalme mkono wa joho. Joho likachanika, mfalme akaruka na kuushika upanga wake, lakini upanga ukakataa kutoka, ikabidi akimbie kuizunguka nguzo huku muuaji akiwa nyuma yake.

Sheria ya Qin iliwakataza wakuu wa barazani kubeba silaha yoyote, kwa hiyo walibaki kumpigapiga Jing Ke kwa mikono mitupu. Tabibu Xia Wuju alimtupia mkoba wake wa dawa. Hapo ndipo waliokuwa karibu walipopaza sauti kumtaka mfalme auweke upanga mgongoni. Akafanya hivyo, upanga ukatoka, na pigo la kwanza likampata Jing Ke kwenye paja la kushoto.

Dai langu ni kwamba lawama zote ni za kulabu ya mshipi. Wachina wa zama hizo walifunga mishipi kwa kulabu za shaba nyeusi, na nionavyo mimi upanga ulining'inizwa kwenye kulabu hiyo hiyo, kwa hiyo mtu akivuta kwa pupa, ala inakuja pamoja na upanga. Karibuni kwa hoja.

#2 Shamsa wa Makumbusho

Ahsante kwa mada, mtoa mada, lakini umeibebesha kulabu mzigo usio wake. Kulabu ya kawaida ilikuwa na kitufe upande wa nyuma, na kitufe hicho kilipachikwa kwenye ncha moja ya mshipi. Mwili wake ulijipinda kidogo kufuata tumbo, na shingo yake nyembamba, ambayo mara nyingi ilichongwa mfano wa kichwa cha ndege au cha joka, iliingia kwenye tundu la ncha ya pili. Kazi yake ilikuwa ile ambayo leo inafanywa na bizimu. Askari wa udongo waliofukuliwa karibu na Xi'an kuanzia mwaka 1974 wamechongewa kulabu hizo kwa uangalifu, nazo ziko mbele ya tumbo zikifunga mshipi.

Upanga ulibebwa na kifaa kingine kabisa, ambacho kwa kukosa jina la mkato nitakiita kitanzi cha ala. Ni kipande kirefu chembamba cha jiwe la jedi, au cha mbao, mfupa au shaba nyeusi kwa wasio na uwezo, kilichokazwa kwenye uso wa nje wa ala, juu kidogo ya nusu yake. Chini ya kipande hicho kuna tundu la mstatili, na mshipi hupita humo. Ukikitazama kwa ubavu utaona kwamba tundu halikukaa katikati, bali limesogea upande mmoja, na kwamba ncha zake mbili zimekunjwa kuelekea ndani ili kuzishika nyuzi zinazokifunga kwenye ala. Kwa hiyo upanga haukuning'inia popote, bali uliteleza juu ya mshipi, mbele na nyuma, kadiri mvaaji alivyousukuma.

#3 Mchambuzi Baridi

Dada Shamsa, nakubaliana nawe kuhusu kitanzi, ila nakupinga unaposema kwamba kulabu ilikuwa na kazi moja tu. Katika makaburi ya zama za dola zinazopigana (karne ya 5 hadi ya 3 KK) zimepatikana kulabu ambazo hazikulala tumboni mwa marehemu, bali ubavuni, jirani na upanga au kisu, na nyingine ni ndogo mno kuweza kufunga mshipi wa mtu mzima. Wataalamu wengi wanakubali kwamba kulabu za namna hiyo zilitumika kutundikia vitu: kisu, mhuri, kifuko, na pengine upanga. Dai la #1 basi halijafa, limejeruhiwa tu.

Tukiwa kwenye kulabu, si vema kumsahau Guan Zhong. Mwaka 685 KK, wana wawili wa ukoo wa watawala wa dola ya Qi (si Qin) walikuwa wakikimbilia nyumbani kuwania kiti, na Guan Zhong, aliyekuwa upande wa mmoja wao, alimpiga mshale Xiaobai, yule wa pili. Mshale ukagonga kulabu ya mshipi. Xiaobai akajifanya amekufa, akawahi kufika na kutawazwa, kisha akamfanya yule yule aliyemlenga kuwa waziri wake mkuu. Shaba ya ukubwa wa kidole iligeuza historia ya dola nzima.

#4 Mzee wa Gwaride

Habari zenu. Mimi si mtu wa vitabu, lakini nilivaa upanga wa sherehe kwa miaka mingi katika majeshi ya ukanda wetu huu, ambayo yalirithi mtindo wa Waingereza. Ala yetu huning'inia kwa kamba mbili za ngozi kutoka kwenye mshipi, na kwenye mshipi huo huo kuna kulabu ndogo ya kuipandishia ala ili isiburuzwe chini mtu anapotembea. Kijana anayeanza hufundishwa jambo la kwanza kabisa: mkono wa kushoto uikamate ala, uirudishe nyuma na kuilaza, ndipo wa kulia uvute. Asiyeshika ala huvuta upanga na ala pamoja mbele ya jukwaa kuu, na aibu yake haisahauliki kambini.

Jenerali Sam Browne wa jeshi la Waingereza huko India alipoteza mkono wa kushoto mwaka 1858, na tangu hapo hakuwa na mkono wa kuikamata ala. Ndiyo maana akabuni mshipi wenye ukanda wa kupita begani na mfuko imara wa kuituliza ala pajani, ambao baadaye ulivaliwa na maofisa wenye mikono yote miwili duniani kote. Kwa hiyo namuuliza mtoa mada: mfalme anakimbia, joho limechanika, mtu mwenye kisu yuko hatua mbili nyuma yake, je, mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi?

#5 Mwanzi Mkavu

Mzee, shikamoo. Swali lako lina jibu katika maandishi ya Sima Qian, ambaye ndiye aliyetusimulia kisa hiki. Anasema waziwazi kwamba mfalme aliishika ala. Anataja pia mambo mengine matatu: upanga ulikuwa mrefu, muda ulikuwa wa taharuki, na upanga ulikuwa umekaza ndani ya ala. Mkono wa kushoto ulikuwa mahali pake, na bado upanga ukagoma.

#6 Seremala wa Mwembeni

Umekaza! Neno hilo limepitwa haraka mno katika uzi huu. Ala za zama zile zilikuwa mbao mbili nyembamba zilizochongwa, zikaunganishwa, kisha zikafungwa kwa nyuzi na kupakwa laka, yaani utomvu wa mti unaokauka na kung'aa. Mbao hunywa unyevu. Niliwahi kumchongea jirani ala ya panga lake la shamba wakati wa kiangazi, ikawa inateleza vizuri mno, lakini masika yalipoanza akaja nyumbani akiwa na ala na panga vilivyoshikana kama pete iliyogoma kidoleni, akidai fedha zake. Upanga wa mfalme uliokaa kwenye ala kwa miezi, kwa kuwa mwenyewe hakuwa mtu wa kupigana kila siku, ungeweza kugoma bila ya kosa la mshipi wala la kulabu. Kuuweka mgongoni kulimpa mahali pa kuikaza ala dhidi ya mwili wake ili avute kwa nguvu zote.

#7 Mchambuzi Baridi

Seremala, na jirani alirudishiwa fedha zake?

#8 Seremala wa Mwembeni

Alirudishiwa ala iliyopigwa msasa. Tuendelee na mada.

#9 Kijana wa Kinondoni

Wakuu, mbona jambo liko wazi? Aliupitisha upanga mgongoni na kuuchomolea juu ya bega la kulia, kama tunavyoona kwenye filamu za wapiganaji wa Japani na China.

#10 Shamsa wa Makumbusho

Mdogo wangu, chukua ubao wa mita moja, uuweke mgongoni, kisha ujaribu kuuchomoa kwa mkono wa kulia kutoka kwenye mfuko wa urefu huo huo. Mkono utanyooka wote na theluthi ya ubao itakuwa bado iko ndani. Panga zilizopatikana pamoja na askari wa udongo, baadhi yake zinazidi sentimita 90, wakati ule upanga maarufu wa Goujian, mfalme wa Yue, uliofukuliwa Hubei mwaka 1965, una sentimita 55 hivi tu. Katika karne mbili na ushei panga zilirefuka sana, na namna za kubeba zilizotosha kwa upanga wa Goujian hazikuwa lazima zitoshe kwa upanga wa Zheng.

Kuhusu Japani, samurai hawakuwa na desturi ya kuchomolea begani. Upanga wa zamani wa mpanda farasi uliitwa tachi, nao ulining'inia kiunoni kwa sehemu mbili za ala, makali yakitazama chini. Katana ya baadaye ilichomekwa ndani ya mshipi wa nguo, makali yakitazama juu.

Ushahidi mzito zaidi kwa kisa chetu umo katika magari mawili ya farasi ya shaba nyeusi yaliyofukuliwa mwaka 1980 magharibi ya kilima cha kaburi la mfalme huyo huyo, yaliyotengenezwa kwa nusu ya ukubwa wa kweli. Dereva wa gari la kwanza amesimama chini ya mwavuli, na upanga wake umo kwenye mshipi, lakini hauko ubavuni: umesukumwa hadi nyuma ya kiuno, mshipi ukiwa umepita kwenye kitanzi cha ala. Kwa hiyo kuweka upanga mgongoni kulijulikana katika Qin, na hakukuwa na maana ya bega. Ulitelezeshwa kwenye mshipi hadi nyuma, mpini ukabaki mahali ambapo mkono unaufikia, na ala ikapata nafasi ya kurudi nyuma bila kugonga mguu, joho wala nguzo.

#11 Kijana wa Kinondoni

Nashukuru, dada. Ila dereva wa gari huuweka upanga nyuma ili usimsumbue akiwa ameshika hatamu za farasi wanne. Huo ni ushahidi wa namna ya kuendesha gari, na sina hakika kwamba ni ushahidi wa namna ya kuchomoa upanga. Halafu, ukiuweka upanga nyuma ya kiuno, mpini si unazidi kuwa mbali na mkono?

#12 Mzee wa Gwaride

Kijana kauliza swali la maana kuliko sisi wakubwa wake. Jibu langu ni kwamba kinachokwenda nyuma ni ala, wakati mpini unabaki karibu na nyonga ya kushoto. Kitanzi kikiwa juu ya nusu ya ala, mtu akiisukuma nyuma, ncha yake hupanda na kukaa mshazari nyuma ya matako, na mkono wa kulia huvuta kwenda mbele na pembeni kwa mstari mmoja ulionyooka. Upanga mrefu unaosimama wima ubavuni hauna mstari huo, kwa sababu lazima uvutwe kwenda juu, na mkono wa binadamu hauendi juu kiasi hicho. Hesabu ya kuongeza urefu wa mvuto kwa kurudisha ala nyuma ndiyo ile ile tunayoifundisha kwenye gwaride.

#13 Mchambuzi Baridi

Warumi wanatia doa hesabu hiyo. Askari wao wa kawaida wa karne ya kwanza BK walivaa gladius, upanga wao mfupi, upande wa kulia, upande ule ule wa mkono wa kuchomolea, na waliivuta kwenda juu moja kwa moja bila kugusa ngao iliyokuwa kushoto. Makamanda wa mia walivaa kushoto.

#14 Mzee wa Gwaride

Gladius ya aina iliyopatikana Pompeii ina ubapa wa nusu mita hivi au pungufu, mkuu. Kuivuta juu si kazi. Warumi wenyewe walipohamia kwenye spatha ndefu, katika karne ya 2 na ya 3, askari wao waliuhamisha upanga kushoto, wakauvaa kwa mkanda mpana wa begani. Mfano wako umenisaidia mimi.

#15 Shamsa wa Makumbusho

Na mkanda huo wa Warumi ulipita wapi? Kwenye kitanzi cha ala! Vitanzi vya mfupa na vya chuma vimepatikana hadi kwenye mpaka wa mto Frati, katika mji wa Dura-Europos ulioangukia mikononi mwa Wasasani, watawala wa Uajemi, mnamo mwaka 256. Sanamu ya Kanishka, mfalme wa Wakushani waliotawala Asia ya Kati na kaskazini mwa India, iliyopatikana Mathura nchini India bila kichwa, ina upanga mrefu wa namna hiyo, na wafalme wa Kisasani waliochongwa kwenye majabali ya Uajemi wanaegemea panga za namna hiyo hiyo. Vitanzi vya jedi vilivyochongwa China vimetoka hata katika makaburi ya Wasarmatia, wafugaji wa kuhamahama, kwenye mbuga za kusini mwa Urusi. Gladius ya awali, kwa upande wake, ilikuwa na pete nne kwenye ala, na hadi leo wanaoigiza majeshi ya Kirumi hawajaafikiana kamba zilifungwaje, maana pete mbili zinatosha kabisa.

#16 Kitara wa Forodhani

Assalaam alaykum. Hizo pete nne zimenifanya niingie. Jambia la Omani ambalo babu yangu alilivaa Unguja siku za Idi lina pete nne za fedha kwenye ala, na zinazobeba mshipi hasa ni mbili, zilizobaki zimeunganishwa kwa nyuzi za fedha zilizosukwa. Majambia ya wenye daraja huwa na pete sita au saba, nazo hazikuongezwa kwa sababu ya uzito wa silaha. Kwa hiyo ndugu zetu wanaoumiza vichwa na gladius wafikirie pia kwamba pete nyingine zipo ili zionekane. Jambia hukaa katikati ya tumbo, ala yake imejipinda, halihitaji hesabu za Mzee hata kidogo. Kitara ndicho kilichovaliwa begani.

#17 Mwanzi Mkavu

Waalaykum salaam. Hoja ya kuonekana ni nzito, na inahusu hata kitanzi cha jedi. Upanga wa heshima wa zama za Han, nasaba iliyofuata baada ya Qin, ulikuwa na vipande vinne vya jedi: kichwani mwa mpini, kwenye kikingio, kitanzi chenyewe, na kwenye ncha ya ala. Seti za namna hiyo zilizikwa pamoja na Liu Sheng, mtawala wa ukoo wa Han, katika kaburi la Mancheng lililofunguliwa mwaka 1968, na pamoja na mfalme wa Nanyue, dola ya kusini, katika kaburi la Guangzhou lililogunduliwa mwaka 1983. Jedi ni ngumu, lakini hupasuka ikigongwa. Hakuna mtu wa vita angeitundika silaha yake yote kwenye kipande hicho na kupanda farasi.

#18 Shamsa wa Makumbusho

Hapo pana kisa cha Wang Mang, aliyekuja kunyakua kiti cha Han mwaka 9 BK. Alipokuwa amewekwa kando ya siasa, ofisa mmoja, Kong Xiu, alikuja kumjulia hali akiwa mgonjwa. Wang Mang akataka kumpa upanga wake wa jedi, Kong Xiu akakataa. Wang Mang akasema basi, naona una kovu usoni, na jedi nzuri hufuta makovu, chukua japo kitanzi, akakibandua palepale kwenye ala. Kong Xiu akakataa tena. Wang Mang akamuuliza kama anaogopa thamani yake, akakiponda kwa nyundo, akaufunga unga na vipande katika kitambaa na kumkabidhi mwenyewe. Hapo Kong Xiu akapokea.

Tazameni kwamba kitanzi kilibanduka kwa mkono, kitandani, bila fundi. Kilikuwa kimeshikizwa kwa nyuzi na gundi tu. Karne nyingi baadaye, panga zilipokwisha kuoza na vitanzi vikabaki, wasomi wa China waliviweka mezani kama vifaa vya karatasi, wakisahau kazi yake.

#19 Mchambuzi Baridi

Kisa kizuri, na kinanipa silaha mpya. Ikiwa kitanzi cha upanga wa kifahari kilibanduka kirahisi hivyo, basi mfalme wa Qin akivuta kwa nguvu kwenye upanga uliokaza, kitu cha kwanza kuachia kingekuwa kitanzi. Ala ingebaki mkononi mwake bila mshipi, na hapo angeweza kuipeleka popote, hata mgongoni kabisa, na kuvuta kwa mikono miwili kwenda pande mbili tofauti. Maelezo ya Kijana wa Kinondoni yanafufuka, kwa sababu kipingamizi cha bega huondoka pale mkono wa kushoto unapoivuta ala kwenda chini.

#20 Seremala wa Mwembeni

Na maelezo yangu ya unyevu yanapata nguvu zaidi.

#21 Kitara wa Forodhani

Kabla hamjagawana ushindi, niulize: nani alikuwepo? Sima Qian alizaliwa katika karne ya 2 KK, zaidi ya miaka 70 baada ya tukio.

#22 Mwanzi Mkavu

Anasema habari zilitoka kwa watu wawili waliojuana na tabibu Xia Wuju, yule wa mkoba wa dawa. Wapo wanaohesabu umri wa watu hao na kuona kwamba hawawezi kumfikia Sima Qian akiwa mtu mzima, hivyo wanadhani aliyezungumza nao ni baba yake, Sima Tan, aliyeianza kazi hiyo ya historia kabla yake. Vyovyote iwavyo, shahidi wetu ni mganga aliyekuwa ametoka kurusha mkoba, na macho yake hayakuwa kwenye mshipi wa mfalme.

#23 Mzee wa Gwaride

Shahidi wa namna hiyo hukumbuka kelele. "Upanga mgongoni" ni amri fupi, na amri fupi hutolewa kwa kitendo ambacho anayeamriwa anakijua tayari. Hakuna anayemfundisha mtu mbinu mpya wakati anakimbizwa kuzunguka nguzo. Kwa hiyo kusukuma ala nyuma lilikuwa jambo la kawaida kwa wavaaji wa panga ndefu, na mfalme alilisahau kwa hofu.

#24 Kijana wa Kinondoni

Mzee, kama lilikuwa la kawaida, wale wakuu wa barazani walilijuaje ilhali sheria iliwanyima silaha?

#25 Mzee wa Gwaride

Walinyimwa ndani ya baraza, mwanangu, si majumbani mwao.

#26 Seremala wa Mwembeni

Nina ubao wa mninga uliokauka vizuri, na nimeamua kuchonga upanga wa mita moja, ala yake na kitanzi chake ili tuache kubishana kwa maneno. Dada Shamsa, nipe maelekezo ya tundu: lipitishe mshipi wa upana gani?

#27 Shamsa wa Makumbusho

Vitanzi vingi vina urefu wa kati ya sentimita 5 na 11, na tundu huchukua sehemu tu ya urefu huo, tena ni jembamba, kwa hiyo mshipi mpana na mnene wa ngozi hauingii. Chonga tundu la mshipi mwembamba. Ukishamaliza, jaribu kwanza na mshipi mmoja unaofungwa kwa kulabu tumboni, kisha jaribu na mshipi wa pili uliolegea chini ya ule wa kwanza, kwa kuwa wafalme wa Kisasani wanaonekana wamevaa hivyo, na mshipi uliolegea huachia ala ishuke na kulala. Kama Zheng alikuwa na mshipi mmoja tu, uliokazwa juu ya joho, huenda ala yake haikuweza kulala hata angeisukuma vipi.

#28 Mchambuzi Baridi

Na ala yenyewe uiloweke usiku mmoja, Seremala, ili tuijaribu na hoja yako. Jirani yako aalikwe awe shahidi.